Bendi ya C: Marekani ilivyowahamisha wenye setilaiti na kuwasahau marubani

Tarehe 19 Januari 2022 shirika la ndege la Emirates lilisimamisha safari zake kwenda miji tisa ya Marekani, ikiwemo Chicago, Boston, Houston na San Francisco. Air India na mashirika mawili makubwa ya Japani nayo yalifuta au kubadilisha safari. Hapakuwa na dhoruba wala mgomo. Siku hiyo kampuni mbili za simu, AT&T na Verizon, zilikuwa zinawasha 5G katika masafa ya bendi ya C, ambayo kwa miongo mingi yalitumiwa na setilaiti, na kulikuwa na onyo kwamba kifaa kimoja ndani ya ndege huenda kikasoma vibaya wakati wa kutua.

Wengi waliisoma habari ile kama ugomvi wa simu na ndege. Kumbe ilikuwa sehemu ya pili ya kisa kirefu, na sehemu ya kwanza, ile ya simu na setilaiti, ilikwenda vizuri kuliko watu wengi walivyotarajia. Nimeamua kuzichambua zote mbili pamoja kwa sababu swali lenyewe liko katikati yake. Tume ileile ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, kwa uamuzi uleule wa mwaka 2020, iliweza kuwahamisha wenye madishi kwa maelfu bila televisheni za nchi nzima kuzimika. Iweje basi ijikwae kwa kifaa ambacho hata hakimo ndani ya masafa yaliyouzwa?

Masafa yanayogombewa

Bendi ya C, upande wa mawimbi yanayoshuka kutoka angani, nchini Marekani ni kati ya gigahezi 3.7 na 4.2. Ni megahezi 500. Setilaiti zinazoitumia zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na kwa miaka mingi ndizo zilizobeba vipindi vya televisheni na redio kutoka makao makuu hadi vituo vya mikoani na kampuni za kebo. Sifa yake kubwa ni kwamba mvua haiisumbui sana. Wimbi lake lina urefu wa sentimita saba hadi nane, ilhali wimbi la bendi ya Ku, linalotumiwa na madishi madogo ya majumbani, ni la sentimita mbili na nusu hivi, na mvua kubwa hulidhoofisha. Yeyote mwenye king'amuzi cha dishi dogo amewahi kuona picha ikiganda masika. Ndiyo sababu bendi ya C ilithaminiwa sana Kongo na nchi za Maziwa Makuu, kwa mabenki, viwanja vya ndege na ofisi za mbali, hasa kabla ya kebo ya SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009.

Kampuni za simu nazo ziliyatamani masafa hayohayo kwa sababu zinazoeleweka. Masafa ya chini kama megahezi 700 hufika mbali na hupenya ukuta, lakini ni membamba na hayabebi data nyingi. Ya juu sana, kama gigahezi 28, ni mapana lakini hata majani ya mti huyazuia. Gigahezi tatu na nusu hadi nne ziko pazuri katikati: zina upana wa kutosha kwa intaneti ya kasi, na mnara mmoja bado unahudumia mtaa mzima.

Tatizo liko kwa anayepokea. Nguvu ya wimbi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Mnara ulio kilomita moja kutoka kwenye dishi uko karibu mara 36,000 zaidi kuliko setilaiti. Hata kama mnara na setilaiti vingerusha kwa nguvu sawa, wimbi la mnara lingefika pale likiwa na nguvu zaidi ya mara bilioni moja. LNB, ule mdomo wa dishi unaokuza mawimbi kabla ya kuyapeleka ndani, umetengenezwa usikie mnong'ono. Tena LNB nyingi hupokea bendi nzima kwa pamoja. Mnara ukirusha popote ndani ya bendi hiyo LNB huzidiwa, na dishi hupoteza hata chaneli ambazo mnara haukuzigusa.

Kwa hiyo simu na dishi haviwezi kutumia masafa yaleyale mahali pamoja. Ama vitenganishwe kwa makumi ya kilomita, jambo lisilowezekana mjini, ama masafa yenyewe yakatwe. Marekani ilikata.

Nani apokee fedha

Wazo la kwanza lilitoka kwa wenye setilaiti wenyewe, na hapo kisa hiki kinatofautiana na vingi. Oktoba 2017 kampuni ya Intelsat, ikiwa pamoja na watengenezaji wa chipu Intel, iliiambia FCC kwamba iko tayari kuachia sehemu ya bendi ikilipwa. Mwaka uliofuata SES, Eutelsat na Telesat zikaungana nayo katika umoja ulioitwa C-Band Alliance. Pendekezo lao: kampuni za setilaiti ziuze masafa moja kwa moja kwa kampuni za simu, zisimamie uhamisho wenyewe, fedha zibaki kwao.

Hoja yao ilikuwa kasi. Serikali ikiendesha mnada na kumhamisha kila mtu kwa amri, kesi zitachukua miaka kumi, na nchi itachelewa kwenye 5G. Hoja ya waliopinga ilikuwa nzito zaidi. Leseni ya masafa ni ruhusa ya kutumia, si hati ya kumiliki, na Intelsat na wenzake hawakuwahi kuyanunua masafa hayo mnadani. Seneta John Kennedy wa Louisiana alisimama kidete kwamba fedha za mali ya umma haziwezi kwenda kwa kampuni ambazo makao yake makuu yako nje ya nchi. Eutelsat ikajitoa kwenye umoja Septemba 2019. Novemba 18 mwaka huo mwenyekiti wa FCC, Ajit Pai, akatangaza kwamba mnada utakuwa wa serikali. Hisa za Intelsat ziliporomoka.

Uamuzi kamili ulipita tarehe 28 Februari 2020 kwa kura tatu dhidi ya mbili. Megahezi 280 za chini, kuanzia 3.7 hadi 3.98, zitauzwa kwa kampuni za simu. Megahezi 20 zinazofuata zitaachwa tupu kama ukanda wa kinga. Megahezi 200 za juu zinabaki za setilaiti, na huduma zote zijibane humo. Washindi wa mnada watalipa gharama zote za uhamisho: setilaiti mpya, vichujio, mafundi wa kugeuza madishi. Juu ya gharama hizo, kampuni za setilaiti zitalipwa dola bilioni 9.7 zikimaliza mapema, kwa awamu mbili, Desemba 2021 na Desemba 2023. Fungu la Intelsat pekee lilikuwa dola bilioni 4.87, na la SES bilioni 3.97.

Ni fedha nyingi mno kumlipa mtu aondoke mahali asipopamiliki, na wajumbe wawili waliopiga kura ya hapana hawakuwa watu wa kubezwa. Hata hivyo naamini malipo hayo ndiyo yaliyofanya kazi iende. Anayetumia masafa ana silaha moja, nayo ni kuchelewesha. FCC iliinunua silaha hiyo. Mnada ulioanza tarehe 8 Desemba 2020 ulileta zaidi ya dola bilioni 81, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa Marekani katika mnada wowote wa masafa. Verizon peke yake iliahidi bilioni 45.4 na AT&T bilioni 23.4. Ukilinganisha na mapato hayo, bilioni 9.7 za kuharakisha zinaanza kueleweka.

Kazi yenyewe ilistahili kusifiwa kuliko ilivyosifiwa. Intelsat iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Mei 2020, miezi mitatu tu baada ya uamuzi, lakini kazi haikusimama. SES na Intelsat ziliagiza setilaiti mpya zaidi ya kumi. SES-22 ilirushwa Juni 2022, SES-20 na SES-21 Oktoba, Galaxy 33 na 34 siku chache baadaye, na mfululizo ukaendelea hadi Galaxy 37 Agosti 2023. Huku ardhini vipindi vilibanwa kwa teknolojia mpya ya kusindika video ili vilivyokuwa vinajaza megahezi 500 vitoshee kwenye 200. Mafundi wakazunguka nchi nzima kufunga vichujio kwenye midomo ya madishi na kuyaelekeza kwenye setilaiti mpya. Mwaka 2023 kazi iliisha miezi kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho ya Desemba 5.

Waliokuwa kwenye orodha

Jambo moja dogo lililofanyika mwaka 2018, kabla hata ya uamuzi, ndilo lililoamua nani atalindwa. FCC ilisitisha maombi mapya ya vituo vya kupokea katika bendi hiyo, kisha ikawapa wenye madishi yaliyokuwepo muda wa kujisajili hadi mwisho wa Oktoba. Aliyejisajili alilindwa: kichujio bure, fundi bure, au fedha taslimu kama aliamua kubadilisha njia yake ya kupokea. Asiyejisajili hakupata kitu. Maelfu ya makanisa, vituo vidogo vya redio na kampuni za kebo walifanya haraka kujaza fomu. Wenye dishi kubwa uani, waliozoea kupokea bure bila kumwomba mtu, wengi wao hawakuwamo.

Kisheria haikuwa dhuluma. Dishi la kupokea tu halihitaji leseni, kwa kuwa halirushi chochote wala halimdhuru mtu. Lakini kwa sababu hiyohiyo serikali haijui lilipo. Sheria za masafa karibu kote duniani zimejengwa juu ya anayerusha: ndiye mwenye leseni, ndiye anayelipa ada, ndiye anayeonekana kwenye daftari. Anayepokea ndiye anayeumia mwingiliano ukitokea, na mara nyingi hayumo kwenye daftari lolote. FCC ilifanikiwa kwa setilaiti kwa sababu, kwa mara hiyo moja, ilianza kwa kuwahesabu wanaopokea.

Kilichosahaulika

Juu ya bendi ya C, kuanzia gigahezi 4.2 hadi 4.4, wapo majirani wengine: altimita za redio za ndege. Altimita hutuma wimbi chini, hulisikiliza likirudi kutoka ardhini, na kwa muda ambao wimbi limechukua kurudi hupima ndege iko juu kiasi gani. Kifaa hiki hutegemewa katika futi elfu mbili na mia tano za mwisho, na hasa katika ukungu, rubani asipoona njia. Katika ndege za kisasa taarifa yake haiishii kwenye kioo cha rubani. Januari 2022 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu Boeing 787: altimita ikichanganywa, mifumo ya injini na breki huenda isitambue kwamba ndege imetua, na kwenye njia yenye maji au theluji ndege ikashindwa kusimama kwa wakati.

Altimita haimo ndani ya masafa yaliyouzwa. Kutoka 3.98 hadi 4.2 kuna megahezi 220, na Januari 2022 kampuni za simu zilikuwa zinawasha sehemu ya chini tu, hadi 3.8, yaani megahezi 400 mbali. Kwenye karatasi nafasi hiyo ni kubwa, na FCC ilipoamua mwaka 2020 iliona kwamba altimita iliyotengenezwa vizuri haitapata shida. Lakini altimita nyingi ziliundwa katika miaka ambayo jirani yake alikuwa setilaiti iliyo kilomita 36,000 mbali. Hakuna aliyeona haja ya kuweka kichujio kikali dhidi ya jirani mtulivu kiasi hicho. Ziliachwa wazi.

Oktoba 2020 chombo cha wataalamu wa anga, RTCA, kilitoa ripoti ikionya kuhusu altimita. Ilikuwa miezi minane baada ya uamuzi na miezi miwili kabla ya mnada. Mwanzoni mwa Desemba FAA na wizara ya uchukuzi ziliandika barua kuomba mpango usimamishwe. Barua ilipelekwa NTIA, wakala unaoisemea serikali katika mambo ya masafa, na haikuingizwa kwenye jalada la FCC. Mnada ukaendelea. Kampuni zikalipa mabilioni. Kilichofuata kilikuwa tarehe kusogezwa mara kwa mara: kutoka Desemba 5, 2021 hadi Januari 5, kisha Januari 19, na siku moja kabla, AT&T na Verizon zikakubali kutowasha minara kadhaa karibu na viwanja vya ndege. Safari za Emirates zilirudi baada ya siku chache. Suluhisho la kudumu, kuzifungia ndege vichujio au altimita mpya, lilichukua hadi 2023.

Gharama ya vichujio hivyo ndiyo iliyoniondolea shaka yote. Kwa kila dishi lililosajiliwa kulikuwa na fungu kutoka kwenye mnada. Kwa altimita hapakuwa na hata senti, kwa sababu katika hesabu za FCC altimita hazikuwa zinahamishwa. Dishi lilikuwa na mtu mezani mwenye kalkuleta, anayejua idadi ya setilaiti na idadi ya vichujio. Altimita ilikuwa na mamlaka ya serikali iliyochelewa kusema, na iliposema barua yake haikufika. Sekta ya anga nayo ina lawama yake. Mazungumzo ya kuhamisha bendi hii yalikuwa hadharani tangu 2017, na miaka minne inatosha kupima vifaa, kuchapisha matokeo na kuanza kubadilisha vilivyo dhaifu. Ufaransa, iliyotumia masafa ya chini kidogo, hadi 3.8, ilikuwa imeweka masharti ya minara kuzunguka viwanja vyake vikubwa mapema, bila ndege kusimama.

Marekani ilikuwa na funzo lake mwenyewe pia, la miaka kumi nyuma. Mwaka 2011 kampuni ya LightSquared ilipata ruhusa ya masharti kujenga intaneti ya minara katika masafa ya setilaiti yaliyo chini tu ya yale ya GPS. LightSquared haikupanga kurusha ndani ya masafa ya GPS. Lakini vipokezi vya GPS, vya ndege, vya matrekta, vya wapima ardhi, vilikuwa wazi upande wa jirani, na majaribio yalionyesha vinazimika. Februari 2012 FCC ilianza kuiondoa ruhusa, na Mei kampuni ikaomba ulinzi wa ufilisi. Safari ile aliyeanguka ni mrushaji, na vipokezi vikabaki kama vilivyo. Hakuna aliyeviwekea kanuni.

Aprili 2023 FCC ilitoa tamko la sera linalosema kwamba usimamizi wa masafa hauwezi kumtazama mrushaji peke yake, na kwamba watengenezaji wa vipokezi nao wana wajibu wa kustahimili majirani. Ni tamko tu, halina adhabu. Lakini limekuja kwa wakati, maana bunge la Marekani katika sheria iliyosainiwa Julai 2025 limeitaka FCC iuze angalau megahezi 100 nyingine kutoka sehemu ya juu, kati ya 3.98 na 4.2, ndani ya miaka miwili. Zile megahezi 200 zilizoachiwa setilaiti ndizo zinazokatwa sasa, na mnara wa simu utasogea karibu zaidi na altimita.

Kwetu

Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa Geneva mwaka 2007 ulifungua 3.4 hadi 3.6 kwa simu katika nchi nyingi za Afrika, na ule wa Dubai mwaka 2023 ukaipandisha hadhi huduma ya simu kati ya 3.6 na 3.8. Kenya na Tanzania zote ziliwasha 5G mwaka 2022. Njia ni ileile waliyopita Marekani, ila hapa setilaiti ina uzito zaidi. Mitandao ya VSAT, yaani vituo vidogo vya ardhini vya setilaiti, ya bendi ya C bado inaunganisha waongoza ndege katika sehemu kubwa ya Afrika, na ile angalau ina leseni, ina mahali panapojulikana, na ina wa kuisemea.

Nina wasiwasi zaidi na dishi la futi sita na la futi nane. Yako kwenye paa za nyumba, hoteli, shule, misikiti na makanisa kutoka Mtwara hadi Bukavu, yakipokea chaneli za bure ambazo kwa watu wengi ndizo habari na mahubiri ya kila siku. Hakuna daftari linaloyataja. Mnara wa gigahezi 3.5 ukiwashwa jirani, picha itaanza kukatika. Mwenye dishi ataita fundi, fundi atageuza dishi, atabadilisha LNB kwa nyingine ya aina ileile, atachukua ujira wake, na picha itaendelea kukatika. Hakuna atakayejua kwamba tatizo ni mnara, kwa hiyo hakuna atakayelalamika kwa mamlaka, na mamlaka itaandika kwamba hakukuwa na malalamiko.

Dawa yenyewe ipo madukani: LNB zinazopokea 3.7 au 3.8 hadi 4.2 tu, na vichujio vya chuma vinavyofungwa kati ya dishi na LNB. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zinaweza kufungua usajili wa bure wa madishi ya bendi ya C kabla ya 3.6 hadi 3.8 kugawiwa, na kuweka katika masharti ya leseni kwamba kampuni inayowasha mnara inalipia vichujio vya madishi yaliyosajiliwa karibu nao. Taasisi zenye madishi hazina haja ya kungoja tangazo. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, ikitaja mahali dishi lilipo, ukubwa wake, setilaiti linayoielekea na masafa linayopokea, na nakala yake yenye muhuri wa mapokezi ihifadhiwe.